Bima ilikubali upasuaji wa mke wangu ikakataa usingizi. Tuelimishane kuhusu malipo ya nusu kaputi

Baba Kulwa (Mkolani, Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa kibarazani, mama Kulwa amelala ndani, mshono unaendelea vizuri, Mungu ashukuriwe. Nimesubiri wiki mbili hasira ipoe, maana nataka tuelimishane. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Mwajiri ametukatia bima ya kampuni binafsi, kila mwezi nakatwa kwenye mshahara, na kadi inanihusu mimi, mke na watoto. Miaka minne nimeitumia kwa malaria, vipimo vya mkojo na jino moja la mtoto. Naonyesha kadi, nasaini, naondoka. Mkataba wenyewe sijawahi kuufungua.

Mwaka huu mke wangu akapatikana na uvimbe kwenye kizazi. Damu ilikuwa inamwisha, anapanda ngazi tatu za mawe za kwetu halafu anakaa chini. Daktari akasema apasuliwe. Hospitali ikaomba kibali, bima ikajibu siku ya pili: upasuaji umekubaliwa. Nikaonyeshwa karatasi yenye muhuri, nikaona jina la mke wangu na neno "imekubaliwa", nikafurahi. Sikusoma mistari iliyofuata.

Siku yenyewe wakamchoma ganzi ya mgongo, ile ya kuanzia kiunoni kwenda chini. Kazi iliyokadiriwa saa moja na nusu ikaenda karibu saa tatu, kwa sababu uvimbe mmoja ulikuwa umeshikamana na utumbo na damu ilitoka nyingi. Ganzi ikaanza kuisha, mgonjwa akaanza kuhisi, ikabidi wampe nusu kaputi, ule usingizi wa kulazwa kabisa. Na mtaalamu wa usingizi wa hospitali alikuwa likizo wiki ile, aliyemhudumia aliitwa kutoka nje. Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa kwenye benchi la nje, macho mlangoni.

Siku ya kuruhusiwa naenda dirisha la bima, dada wa pale ananiambia kwa upole, "Baba, kuna laki nne na nusu ya kulipa kwanza." Ya nini? "Usingizi." Nikamwambia hebu rudia. Akanigeuzia bili. Daktari mpasuaji: imelipwa. Chumba cha upasuaji: kimelipwa. Kitanda siku nne: imelipwa. Dawa za wodini: zimelipwa. Huduma ya usingizi, shilingi 450,000: haikukubaliwa.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kibali kilitaja ganzi ya mgongo, hakikutaja nusu kaputi. Ya pili, mtaalamu aliyetoa huduma hayumo kwenye orodha ya watoa huduma wenye mkataba na bima hiyo.

Wakuu, nilisimama pale nikakosa neno. Hivi mtu anakubalije tumbo la mke wangu lichanwe lakini hakubali awe hasikii maumivu? Kikoba chetu kilinikopesha laki tatu jioni ileile, shemeji akaongeza iliyobaki, tukatoka.

Tangu hapo nimeuliza watu, nimeusoma mkataba mara mbili, na nimegundua kuwa wengi wetu hatujui usingizi unalipwaje. Msimamo wangu ni huu, na mwenye hoja anipinge: usingizi hufuata upasuaji. Bima ikishakubali kwamba upasuaji ni wa lazima kwa tiba, imekubali na usingizi wake, wa aina yoyote utakaohitajika mgonjwa akiwa mezani. Kama upasuaji haumo kwenye bima, mfano wa urembo, basi na usingizi wake haumo, hilo nalielewa. Lakini kukubali kimoja na kukataa kingine ni kukubali nyumba na kukataa msingi.

Naomba wenye uzoefu mseme. Wahudumu wa thieta, watu wa bima, mliopitia, karibuni.

---

Sangabuye1

Pole sana mkuu. Shemeji anaendeleaje lakini? Anakula?

Baba Kulwa

Anakula mkuu, asante. Uji na sato wa kuchemsha. Leo ametembea mpaka kwa jirani.

---

Dada wa Usingizi

Baba Kulwa, pole kwako na kwa mama. Mimi ni muuguzi wa usingizi, nafanya kazi hospitali ya wilaya upande wa pili wa ziwa. Nimesoma nikasema leo nisipoandika nitakuwa sijawatendea haki wagonjwa wangu.

Kwanza watu waelewe wanacholipia. Wengi wanadhani usingizi ni sindano moja, unachomwa, unalala, basi. Mgonjwa akiamka anamshukuru daktari aliyempasua, na ana haki, ila mimi niliyekaa kichwani pake saa tatu nikimhesabia pumzi hata sura yangu haikumbuki. Sidai shukrani. Nasema hivyo kwa sababu bima nazo hutuona kwa jicho hilohilo, kama kiungo kidogo cha kuongezea kwenye bili.

Kazi inaanza kabla ya thieta. Namuuliza mgonjwa kama ana presha, pumu, sukari, kama amewahi kupewa usingizi na ilikuwaje, kama dawa fulani humdhuru. Naangalia mdomo na shingo, maana nikilazimika kumwekea mpira wa kupumulia nijue mapema utapitaje. Nampanga kwenye daraja la hatari, kuanzia 1 la mtu mwenye afya njema. Namwambia asile chakula kwa angalau saa 6, maji matupu aache saa 2 kabla. Watu hudanganya hapo, mama anampa mgonjwa uji kwa huruma. Jamani, uji huo ukirudi juu ukaingia kwenye mapafu akiwa amelala, unaweza kumuua.

Ndani sasa, kama ni ganzi ya mgongo nachoma dawa, mara nyingi bupivakaini, kwenye uwazi wa uti wa mgongo. Presha huweza kushuka ghafla, kwa hiyo siondoki hapo. Dawa ile ina muda wake, saa mbili hadi tatu hivi, haijali daktari amefika wapi. Ikianza kuisha tumbo bado liko wazi, sina la kuomba kibali. Namlaza kabisa, namwekea mpira, oksijeni, gesi, dawa za kulegeza misuli. Kubadilisha kutoka ganzi kwenda nusu kaputi ni jambo linalotarajiwa kwenye kazi hii. Mtu wa bima anayeandika kwamba kibali kilitaja ganzi tu hajawahi kusimama pale.

Akimaliza daktari, mimi bado. Namwamsha, natoa mpira, namsindikiza chumba cha kuamkia, naangalia kama anapumua mwenyewe, oksijeni kwenye damu iko sawa, hatapiki. Hapo ndipo namkabidhi.

Kwa hiyo kwenye bili usingizi huweza kukaa sehemu tatu: malipo ya mtaalamu, dawa na gesi, halafu vifaa na mashine. Hospitali nyingine hujumlisha vyote kwenye mstari mmoja, nyingine huvitawanya. Baba Kulwa, hiyo laki nne na nusu waulize ni ipi kati ya hizo. Na uombe nakala ya karatasi ya usingizi. Kila mgonjwa anayo. Humo mnaandikwa saa ya kuanza, saa ya kumaliza, dawa, presha kila baada ya dakika 5, na lazima iwe imeandikwa saa ngapi na kwa nini ganzi ilibadilishwa kuwa nusu kaputi. Hiyo karatasi ndiyo shahidi wako. Bima haiwezi kusema haikuwa lazima wakati imeandikwa mgonjwa alianza kuhisi maumivu saa tano na dakika ishirini tumbo likiwa wazi.

---

Kapripoint

Dada hapo juu ubarikiwe. Sikujua kama kuna karatasi hiyo.

---

Keshi Mkononi

Mimi nitasema tofauti na mtaniwia radhi. Bima binafsi ni biashara. Wanakusanya hela zetu halafu wanatafuta kila tundu la kutolipa. Nilishaacha. Naweka elfu hamsini kila mwezi kwenye simu, nikiumwa nalipa mwenyewe, sina wa kunipa kibali wala wa kuninyima. Baba Kulwa ungekuwa na akiba yako usingesimama dirishani.

Baba Kulwa

Mkuu nakuheshimu, ila hesabu yako inakubali kwa malaria tu. Bili yote ya mama Kulwa ilipita milioni mbili na laki tatu. Kwa elfu hamsini kwa mwezi ningehitaji karibu miaka minne bila kugusa hata shilingi, na uvimbe usingenisubiri. Bima ililipa sehemu kubwa, hilo siwezi kulikana. Ninachodai ni ilipe na ile iliyokwepa.

Dada wa Usingizi

Keshi Mkononi, mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilichunguza upasuaji duniani kote. Ilikuta watu bilioni 5 hawawezi kupata upasuaji na usingizi ulio salama kwa bei wanayoimudu. Na kila mwaka watu milioni 33 hutumbukia kwenye gharama za kuwafilisi kwa ajili ya kulipia upasuaji na usingizi peke yake, bado nauli na chakula. Mimi huwaona hao milioni 33 kwa sura. Ni yule anayeuza ng'ombe wa mwisho mgonjwa akiwa kwenye kitanda cha magurudumu. Akiba ya simu ni nzuri, usiache, ila usimshauri mtu aache bima.

---

Mtu wa Madai

Wakuu salaam. Nimekaa kitengo cha bima cha hospitali moja ya hapa jijini miaka saba, kazi yangu ni kuandaa madai na kuyapeleka. Acha niseme upande wa karatasi.

Bima hulipa upasuaji kwa njia mbili kubwa. Kuna ya kifurushi: upasuaji fulani una bei moja, ndani yake mna daktari, thieta, usingizi na siku za wodini. Hapo mgonjwa hawezi kuletewa bili ya usingizi pembeni, hospitali imeshalipwa. Njia ya pili ni mstari kwa mstari, kila huduma na bei yake. Baba Kulwa bima yako ni ya mstari kwa mstari, na njia hiyo ndiyo yenye mitego. Mstari mmoja ukikosa namba, ukikosa sahihi, au jina la mtoa huduma lisipokuwemo, unakatwa peke yake mingine ikapita.

Mtego mwingine ni kikomo. Mkataba unaweza kusema upasuaji hadi milioni kadhaa kwa mwaka, na usingizi umo ndani ya kikomo hicho. Ikitokea damu, ikitokea kurudi thieta, kikomo kinaisha na mstari wa mwisho kwenye bili ndio unaobaki kwako. Mikataba mingine huandika usingizi kama sehemu fulani ya malipo ya mpasuaji. Upasuaji ukienda saa tatu badala ya moja na nusu, malipo ya usingizi hayaongezeki, na tofauti humrudia mtu fulani. Mara nyingi ni mgonjwa.

Wenye NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, mambo yao yako hivi. Mfuko ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi 2001. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3, na kadi hubeba mchangiaji, mwenza na wategemezi, jumla watu sita. Bei ziko kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo mfuko hulipia, na hospitali iliyosaini inapaswa kufuata bei hizo. Mtakumbuka mvutano wa Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi zikasimamisha kupokea kadi za NHIF kwa sababu hazikukubaliana na bei za kitita kipya. Sisi wa madirishani tuliipata joto yake, watu wanakuja na kadi na machozi. Kwa hiyo hata mwenye NHIF aulize: hospitali hii inapokea kadi leo, kwa upasuaji huu, na usingizi umo?

Wa CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii uliokuwa wa elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, njia yao ni rufaa. Unaanza zahanati au kituo cha afya, unapanda hospitali ya wilaya, unafika hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiruka ngazi bila barua ya rufaa, kadi inakwama.

Sasa kesi ya Baba Kulwa. Sababu ya kwanza ya bima ni dhaifu, karatasi ya usingizi itaivunja kama dada alivyosema. Sababu ya pili ndiyo yenye kazi, ila mzigo wake si wako. Hospitali ndiyo iliyomwita mtu wa nje. Ilitakiwa ipige simu bima kabla, au imlipe yule mtaalamu yenyewe halafu idai kwa jina la hospitali. Mgonjwa aliyelala mezani hana namna ya kukagua nani ana mkataba na nani hana. Mwandikie bima barua ya kupinga, ambatisha bili, nakala ya kibali, karatasi ya usingizi na maelezo ya daktari. Nakala ipelekee uongozi wa hospitali na afisa utumishi wa kiwanda chenu, maana mwenye mkataba na bima ni mwajiri, sauti yake wanaisikia haraka kuliko yako. Wakikukatalia kwa maandishi, nenda TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009. Usilalamike kwa simu. Andika.

---

Nansio kwa Mama

Naomba niongeze la kwetu visiwani. Mwaka juzi mdogo wangu alikuwa na uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Tulifika hospitali usiku, tukaambiwa mtu wa usingizi hayupo, amekwenda msibani. Daktari wa kupasua yupo, thieta ipo, taa zipo. Wa kumlaza mgonjwa hayupo. Tukasubiri kivuko cha asubuhi kwenda Mwanza, safari ya saa kadhaa majini huku ameshika mkono wangu. Mtoto alipona, mdogo wangu alipona, ila tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema usingizi ni kitu cha ziada kwenye bili huwa natetemeka. Tulikuwa na CHF. Kwa haraka ile barua ya rufaa haikuandikwa sawasawa, tukalipa kila kitu mfukoni. Sikudai. Sikujua kama inadaiwa.

Mtu wa Madai

Pole dada yangu. Kwa faida ya wengine: rufaa ya dharura nayo iandikwe, hata mistari mitatu, na muhuri. Muuguzi anaandika huku mgonjwa anapakiwa. Mkifika upande wa pili ndiyo inayofungua dirisha.

---

Mnyamagana wa Minnesota

Wakuu, mimi nimezaliwa Igoma, sasa niko Marekani mwaka wa tisa, na kazi yangu ni kushughulikia bili za hospitali. Yaliyomkuta Baba Kulwa huku yalikuwa kilio cha watu wengi, na kuna jambo la kujifunza.

Marekani usingizi una hesabu yake peke yake, tofauti na ya mpasuaji. Kila upasuaji una alama za msingi kulingana na ugumu. Upasuaji wa kujifungua uliopangwa una alama 7, wa tumbo la chini kama kidole tumbo una 6. Juu yake huongezwa alama za muda, kawaida kila dakika 15 ni alama moja, kuanzia mtaalamu anapoanza kumwandaa mgonjwa hadi anapomkabidhi chumba cha kuamkia. Mgonjwa akiwa na hali ngumu bima nyingine huongeza alama, Medicare, bima ya serikali ya wazee, haiongezi. Jumla huzidishwa kwa bei ya alama moja. Chukua kidole tumbo cha dakika 90: alama 6 za msingi na 6 za muda, 12. Alama moja ikiwa dola 70, ni dola 840, na hapo hujagusa malipo ya mpasuaji wala hospitali.

Sasa zamani ilikuwa hivi: unachagua hospitali iliyo na mkataba na bima yako, unachagua mpasuaji mwenye mkataba, unalala. Unaamka, baada ya mwezi inakuja bahasha ya mtaalamu wa usingizi asiye na mkataba, uliyekutana naye dakika tano kabla ya kulala. Bima inalipa kidogo, yeye anakudai tofauti yote. Watu walifilisika. Ndipo ikapitishwa sheria iitwayo No Surprises Act, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Ukiwa kwenye hospitali yenye mkataba na bima yako, mtaalamu wa usingizi asiye na mkataba haruhusiwi kukudai zaidi ya kile ambacho ungechangia kama angekuwa na mkataba. Tofauti wanagombania wao na bima, mgonjwa amewekwa pembeni. Na kwa usingizi hata fomu ya kukubali kulipa zaidi hawaruhusiwi kukusainisha. Waliotunga sheria walielewa kwamba mgonjwa hamchagui mtu wa usingizi.

Kuhusu muda pia. Novemba 2024 kampuni ya bima ya Anthem ilitangaza kwamba kwenye majimbo ya Connecticut, New York na Missouri ingeweka kikomo cha dakika inazolipia usingizi kwa kila aina ya upasuaji. Wataalamu wa usingizi na wananchi walipiga kelele, na mwanzoni mwa Desemba kampuni ikaufuta mpango wenyewe kabla haujaanza. Hoja ya waliopinga ilikuwa ileile ya dada wa usingizi: muda wa thieta hauamuliwi ofisini.

Msidhani huku ni peponi. Mzee aliye kwenye Medicare, baada ya kutoa kiasi cha mwanzo cha mwaka, bado hubeba asilimia 20 ya malipo ya usingizi. Na kuna asiye na bima kabisa. Lakini kwenye hilo la mtaalamu asiye na mkataba, mgonjwa ana pa kusimamia. Natamani nyumbani tupate kifungu kama hicho, kwenye mikataba ya bima zote.

---

Jaluo wa Kisumu

Niko ng'ambo ya ziwa lenu. Kwetu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF ya Kenya tarehe 1 Oktoba 2024, tunakatwa asilimia 2.75 ya mapato, na upasuaji hulipwa kwa kifurushi. Kifurushi ni kizuri pale hospitali inapokiheshimu. Nashauri mgonjwa yeyote aulize kabla: mnanidai kitu juu ya kifurushi? Ajibiwe kwa maandishi.

---

Sangabuye1

Mtu wa Madai, swali. Ganzi ya jino nayo inaombewa kibali?

Mtu wa Madai

Ganzi ya kuchoma mahali pamoja kwa kawaida huhesabiwa ndani ya bei ya kung'oa au kushona, haiji peke yake. Ukiona imeandikwa mstari wake, hoji. Mtoto anayelazwa kabisa kwa ajili ya meno, hiyo ni nusu kaputi, omba kibali mapema na daktari aandike kwa nini ganzi ya kawaida haitoshi.

---

Baba Kulwa (wiki tano baadaye)

Wakuu, nimerudi na mrejesho, niliwaahidi wengine kwa ujumbe.

Nilifuata mlivyoniambia. Karatasi ya usingizi nilipewa baada ya kurudi mara mbili, na kweli imeandikwa kwa mkono: saa ya ganzi, saa mgonjwa alipolalamika maumivu, saa alipolazwa kabisa. Nilipoisoma nililia kidogo. Nilikuwa mita kumi kutoka hapo na sikujua. Mama Kulwa aliniomba nimsomee, akasema anakumbuka mtu amemshika bega akimwambia "mama, unalala sasa, usiogope." Dada wa Usingizi, yule mtaalamu wa nje ndiye. Sina ugomvi naye hata chembe, alistahili kila shilingi. Ugomvi wangu ulikuwa nani amlipe.

Barua niliandika kurasa mbili, afisa utumishi akaweka na yake. Siku ya kumi na tisa bima ikajibu. Imekubali kuwa kubadilisha kwenda nusu kaputi kulikuwa kwa lazima ya tiba, ikalipa 280,000, ndiyo bei yao ya mkataba. Ikabaki 170,000. Hospitali mwanzoni ilisema hilo ni langu. Nikawauliza kwa maandishi, ni nani alimwita mtaalamu asiye na mkataba, mimi au ninyi? Wiki iliyopita mhasibu wao alinipigia, nikarudishiwa yote. Kikoba nimelipa, shemeji nimelipa, riba ya kikoba nimeibeba mwenyewe. Kiwandani tumeomba mkataba wa mwaka ujao uandike kwamba hospitali ikiwa na mkataba, yeyote atakayemhudumia mgonjwa humo ndani alipwe kama mwenye mkataba. Mwajiri amesema atalipeleka kwa dalali wa bima.

La mwisho. Dada yangu wa Misungwi yumo kwenye kadi ya mumewe na ana ngiri, anapasuliwa mwezi ujao. Jumatatu nilimsindikiza. Kibali cha kwanza kilirudi na maneno "upasuaji wa ngiri" basi. Nikamwomba kijana wa dirishani akirudishe, akaniangalia, akaanza kusema huwa kinatosha. Nikamtolea bili ya mama Kulwa mfukoni. Aliisoma mpaka chini, akaandika ombi jipya bila neno. Leo asubuhi kibali kimerudi, na mstari wa tatu unasomeka: pamoja na usingizi wa aina yoyote utakaohitajika. Dada yangu amekikunja, amekiweka kwenye Biblia yake.